Hotuba Moja, Mashimo Matatu

Hadithi hii siipendi, lakini mmeiomba wenyewe.

Palikuwa na wajane watatu, waume zao wachimba dhahabu. Kageha alikuwa na kumbukumbu: alipika pale machimboni, na neno likimwingia halitoki. Minayo alikuwa na kalamu. Mmbone alikuwa na sauti, ndiye aliyeongoza nyimbo matangani.

Mvua ilipobomoa machimbo, kila mume alifukiwa kwenye shimo lake. Kampuni yenye machimbo ikasema wabaki huko huko. Kwa desturi yao, maiti isipopatikana huzikwa shina la mgomba mahali pake. "Mtu wangu namjua aliko, kisha nizike mgomba?" Mmbone akasema.

Ukaitishwa mkutano ukumbini kuhusu usalama wa machimbo, nao wajane wakapewa hotuba kuu: dakika kumi, msemaji mmoja.

Kageha aliwasimulia wenzake siku tatu, ili hotuba ipate maneno. Nani alimtania nani, nani aligombania ukoko, nani siku ile aliondoka bila kumaliza chai. Siku ya nne akaugua.

Minayo aliandika kurasa kumi na mbili, zikianza na salamu kwa waheshimiwa wote. Akazisoma, akaona haya. "Nikimaliza kuwataja watakuwa wamesinzia." Akachana, akabakiza ukurasa mmoja, ulioanza na maneno ya Kageha: "Jana nilipakua sahani tatu zaidi." Nafasi ilipombana, akafuta habari za mumewe mwenyewe.

Mmbone, ambaye tangu msiba hakuweza kulitamka jina la mumewe, alisimama akalitamka mbele ya ukumbi mzima. Hakupaza sauti. Alipozitaja zile sahani akanyamaza, akawatazama mpaka mkurugenzi wa kampuni akalia.

Mkurugenzi akatoa mashine ya kuchimba, siku moja tu, kwa sababu kesho yake machimbo yangejazwa udongo. Na siku moja inatosha shimo moja.

"Maneno yalitoka kwangu," Kageha akasema. "Nimebaki mtupu."

"Na nani angekusikiliza siku tatu, dada?" Minayo akamjibu. "Wangu nilimfuta ili wenu waingie."

"Karatasi haikusimama mbele ya wale watu," Mmbone akasema. "Nilisimama mimi."

Wote wanasema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Mmoja atamzika mumewe. Wawili watakata mgomba.

Dereva ameshawasha mashine. Anauliza, "Mama zangu, nichimbe wapi?" Wanawake wanatazama chini.

Haya, nyinyi mliokaa mkasikiliza, mwambieni: achimbe wapi?