Dalali wa Mnada na Ukurasa Uliofungwa

Wapendwa, kabla hatujaendelea na somo letu, nataka niwape mfano. Nawaonya mapema: kuna neno moja nitalitaja hapa mimbarini na baadhi yenu mtainamisha vichwa. Inamisheni tu, lakini masikio myaache wazi.

Kulikuwa na dalali mmoja wa mnada wa ng'ombe. Mtu mwema kabisa, mngempenda. Mke wake alifariki kwa saratani ya titi, (haya, nimeshalitaja, na paa halijaanguka), akamwachia binti mmoja mdogo. Yule baba hakuoa tena, akamlea mwenyewe. Alijifunza kusuka nywele, akasuka vibaya, na mtoto akaenda shule hivyohivyo bila kulalamika. Wakisonga ugali, wanagombania ukoko. Baba akichelewa kurudi, binti hali mpaka amwone. Walipendana hao watu wawili jamani, hadi raha kuwatazama.

Mnadani sauti yake ilikuwa inafika barabarani. Anamleta ng'ombe jike katikati, anamzungusha, anampapasa, anatangaza: "Tazameni kiwele hicho! Chuchu zote nzima! Nyonga hiyo, mapaja hayo, huyu amezaa na atazaa tena!" Haoni aibu hata chembe. Wanunuzi wanasikia, kina mama wa chai wanasikia. Hata mchungaji wa kanisa akipita anasikia, na hakuna aliyewahi kumwita kwenye baraza la wazee kwa ajili hiyo.

Basi, binti alipoingia sekondari, baba akaweka intaneti nyumbani ili mtoto asome. Wakati huohuo serikali ikaagiza kampuni zote za intaneti zizuie kurasa za uchafu, zile picha za watu wazima. Sina haja ya kuzieleza, kwa sababu nikitazama nyuso zenu naona mmeelewa haraka kuliko mnavyoelewaga mahubiri yangu. Dalali akafurahi, na mimi ningefurahi. Lakini yeye akaona haitoshi. Akaenda mwenyewe hadi ofisi za kampuni yake, akamkuta dada wa mapokezi.

"Binti yangu, nataka mnifungie yale mambo."

"Tumeshafunga, baba. Ni agizo la serikali."

"Ongezeni kwangu."

"Sawa, baba. Niongeze mambo gani hasa?"

"Yale."

"Yapi, baba?"

"Ya mwilini."

"Mwili upi? Mwili wote?"

Dalali akatazama dari, akatazama viatu vyake, jasho likamtoka. "Binti yangu, kwani wewe kwenu huna baba?"

Yule dada akamwonea huruma. Akamwekea kufuli kali kuliko yote waliyokuwa nayo. Ukurasa wowote unaotaja sehemu za mwili tunazozionea haya, kwake haufunguki. Na mtu wa nyumba ile akijaribu kufungua kilichozuiwa, baba anapata ujumbe kwenye simu. Mzee akarudi nyumbani anapiga mluzi. Si malezi yamekwisha? Kampuni inamlelea mtoto, yeye anauza ng'ombe wake kwa amani.

Jumamosi moja yuko katikati ya mnada, ameshika kamba ya fahali, simu ikaita. Ujumbe: mtu wa nyumbani kwako amejaribu kufungua ukurasa uliozuiwa. Kabla hajaiweka simu mfukoni, ukaja mwingine. Kisha mwingine tena. Wapendwa, nyumbani alikuwako mtu mmoja tu. Dalali akamwachia mwenzake kamba, akaondoka watu wakiwa bado wanataja bei.

Alimkuta binti sebuleni. "Unatafuta nini kwenye mtandao?"

"Hakuna kitu, baba."

"Hakuna kitu ndicho kilichonitoa mnadani?"

Binti akaanza kulia. Na baba, kwa kuwa alikuwa amejaa hasira na hofu, akadhani kilio kile ndicho kukiri kwenyewe. Ni wangapi kati yetu wangedhani vingine? Akatoka mbio hadi kule ofisini. "Nionyesheni uchafu anaoutafuta mwanangu!"

Yule dada akafungua kompyuta yake. Akasoma mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Baba, hizi zote ni kurasa za hospitali. Zinaeleza msichana akigundua uvimbe kwenye titi afanye nini."

Dalali akatafuta kiti. Mnakumbuka nimesema mke wake alifariki kwa nini. Naye alianza na uvimbe, akauficha kwa aibu, na alipokuja kusema madaktari hawakuwa na la kufanya. Mtoto yule alikuwa amejifungia na hofu ya kufa kama mama yake, na kila mahali alipouliza aliambiwa swali lake ni uchafu.

Akarudi nyumbani, akapiga hodi kwenye chumba cha binti. Mtu mwenye sauti ya kufika barabarani akasimama pale sauti haitoki. Mwishowe akasema, "Mwanangu. Ni titi lipi?"

"La kushoto, baba."

Hayo tu. Walikwenda hospitali wameshikana mikono. Wakapima, wakasubiri majibu, na wakati wa kusubiri baba hakuweza kula. Majibu yakatoka: ni uvimbe usio na hatari, huwapata mabinti wengi wa umri ule, arudi tu waendelee kuuangalia. Baba alicheka na kulia kwa pamoja mbele ya manesi, akambeba binti yake mkubwa vile kama mtoto wa chekechea, binti anamwambia, "Baba nishushe, watu wanaona!"

Mnataka mfano uishie hapo, eti? Hata mimi nilitaka.

Wakiwa njiani kurudi, baba akasema, "Mwanangu, nisamehe. Hawa watu wa kampuni walifunga kupita kiasi. Kesho nakwenda walegeze."

Binti akamjibu kwa upole, kwa sababu anampenda: "Baba, kampuni haikuwa ya kwanza kunifungia. Nilianza kwako. Ulikuwa umekaa unang'arisha viatu, nikakuambia nina shida mwilini. Ukasema hayo ni mambo ya shangazi, ukainuka, ukatoka nje. Shangazi yuko mkoa mwingine, baba. Ndipo nikaenda kwenye simu."

Wapendwa, huyo dalali ni sisi. Sisemi serikali ilikosea. Picha zile zimevunja ndoa, zimewaharibia vijana wetu akili, na wako ndani ya kanisa hili wanaopambana nazo. Ninawaombea kila siku na sitawataja. Zifungwe. Lakini swali la mtoto halifi kwa sababu ukurasa umekataa kufunguka. Linaondoka hapo linatafuta mtu. Likikukosa wewe litampata mwingine, na huyo mwingine hampendi mwanao kama unavyompenda.

Tunaona haya, najua. Tumelelewa hivyo, na waliotulea walitupenda. Lakini Mungu alipokuwa akimuumba binti yako, kuna sehemu aliyoiruka kwa aibu? Sasa wewe unaruka kwa niaba ya nani?

Leo mkifika nyumbani, kaa na mtoto wako. Usimhubirie, kuhubiri niachie mimi. Mwambie tu, "Mwanangu, swali lolote ulilo nalo, lilete kwangu." Atakushangaa. Anaweza kucheka, anaweza kukaa kimya mpaka mwakani. Lakini siku moja atakuja, pengine umechoka, pengine wageni wako mlangoni, naye ataanza kwa kusema, "Baba, kuna kitu..." Uso utawaka moto na miguu itataka kukutoa nje.

Mpendwa wangu, siku hiyo, nakuomba, usiinuke.