Uhamisho wa Binti wa Darasa la Tatu

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi, huko juu kwenye migomba na kahawa. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akamcheka nikifika mbele, maana wengi wetu tungeshukuru kuwa na moyo kama wake.

Mwalimu huyu alikuwa na jambo lililomnyima raha. Katika kata yake watoto wenye ulemavu walikuwa hawaonekani shuleni. Wengine walikaa ndani tu. Waliobahatika walipelekwa shule maalumu ya bweni, mwendo wa saa nzima kwa gari, wakawa wanarudi kwao wakati wa likizo kama wageni. Akajiuliza, kwa nini mtoto aondolewe kwa mama yake na majirani zake ndipo afundishwe kusoma? Mnaonaje ninyi, alikosea kuuliza?

Akaitisha kikao cha wazazi. Baba mmoja akasema wazi kwamba hataki mwanawe akae na mtoto anayepiga kelele ovyo, asije akamwiga. Wengine wakaguna kumuunga mkono. Mwalimu mkuu hakurudi nyuma. Aliwajibu kwa upole, "Ndugu zangu, watoto hawa watakuwa majirani wa watoto wenu maisha yao yote. Afadhali wazoeane sasa." Kikao kikakubali. Akabeba mawe kwa mikono yake mwenyewe kujenga mteremko wa zege wa viti vya magurudumu, kisha akaandika ukutani kwa rangi ya buluu, maneno yanayosomeka toka barabarani: SHULE JUMUISHI, KILA MTOTO NI WETU.

Sasa, karibu na shule hiyo aliishi mama mmoja fundi cherehani. Alikuwa na binti wa miaka tisa mwenye usonji. Labda mmewahi kumwona mtoto wa namna hiyo. Huyu alikuwa na maneno machache, na hayo machache aliyatoa kwa watu aliowazoea. Hakupenda kuguswa. Kelele zilimuumiza kama sisi tunavyoumizwa na moto. Lakini mpe vizibo vya soda, atavipanga kwa rangi mstari mrefu ulionyooka, na ukichomoa kimoja nyuma yake, atajua. Alikuwa mwaka wa pili katika ile shule ya bweni.

Mwalimu mkuu akamfuata mama yake nyumbani. Akaketi kwenye benchi la wateja, cherehani ikanyamaza.

"Mama, mlete binti yako kwetu," akasema. "Kwa nini alale mbali nawe? Kwetu atakuwa na wenzake."

Mama akaviringisha uzi kidoleni. "Kule wamemzoea, mwalimu."

"Na kwetu watamzoea. Nakuahidi."

Yule mama alikuwa amemkosa mwanawe miaka miwili. Nani asingekubali? Mwezi wa kwanza akamleta, amevaa sare aliyoishona mwenyewe.

Asubuhi ile kwenye paredi mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya shule nzima. Akasema, "Huyu ni mtoto wetu mpya. Ana mahitaji maalumu. Naomba tumpende na mtu asimsumbue." Watoto mia sita wakapiga makofi, na yule binti akaziba masikio yake. Wakampeleka darasa la tatu, wakampa dawati la peke yake pembeni, karibu na dirisha, apate hewa. Mwalimu wa darasa alikuwa na watoto sabini na wanne na ubao mmoja. Alifanya alichoweza.

Miezi ikapita. Wageni kutoka wilayani walikuja kuitazama shule, wakaonyeshwa mteremko, wakaonyeshwa pia yule binti dirishani. Wakapiga picha. Mwalimu mkuu alikuwa akipita darasani kila wiki, anachungulia, anamwona ametulia, anaondoka na furaha moyoni. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemcheka. Kwa kweli hawakumsumbua, kama walivyoagizwa.

Mwezi wa sita, siku moja saa nne asubuhi, mama fundi akabisha hodi ofisini.

"Nimekuja kuomba uhamisho, mwalimu," akasema. "Namrudisha kule shule maalumu."

Mwalimu mkuu aliliona neno hilo kama kofi. Akafikiria yale mawe, kile kikao, na wale wazazi waliokuwa wakisubiri tu ashindwe. Akauliza, "Kuna mtu amemtendea vibaya?"

"Hapana."

"Basi unamrudishaje kwenye kutengwa, mama? Akakae tena nyuma ya ukuta, mbali na watoto wengine?"

Yule mama hakupandisha sauti. "Mwalimu, kule bwenini mpishi anajua kwamba mwanangu hali makande yakiwa yamechanganyika. Anamwekea mahindi huku na maharage huku. Mlinzi wa getini anajua asimshike mkono, anampungia tu kitambaa naye anamfuata. Alikuwa na rafiki kule, mtoto asiyeona. Mwanangu anampangia vizibo, yule anavipapasa na kumwambia, hiki kimetoka mstarini, na wanacheka wote wawili. Tangu aje huku amepoteza hata yale maneno machache aliyokuwa nayo. Jumatatu asubuhi anashika tumbo na kujikunja mlangoni."

"Anahitaji muda zaidi."

"Labda. Nimempa miezi sita."

Mwalimu mkuu akaandika ile barua ya uhamisho pole pole. Alikuwa ameumia, na tuseme ukweli, alikuwa na hasira kidogo na yule mama. Aliona hashukuru. Kisha wakatoka pamoja kwenda darasani kumchukua mtoto.

Walipoingia, darasa zima likasimama na kuamkia. Yule binti peke yake alibaki ameketi, akitazama nje. Mwalimu mkuu akawaambia wakae. Akaona si vizuri mtoto aondoke hivi hivi tu, akasema, "Watoto, mwenzenu anatuacha leo. Anahamia shule nyingine. Nataka mmuage vizuri."

Watoto wakatazamana. Mwalimu mkuu akadhani wamehuzunika. Kisha mtoto mmoja wa kike wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akasimama kwa adabu.

"Samahani mwalimu," akasema. "Anaitwa nani, ili tumuage?"

Wapendwa, huyo mtoto hakuwa na dharau. Alikuwa na shida ya kweli, aliambiwa aage na hakuwa na jina la kuagia. Miezi sita amekaa madawati matatu kutoka kwa mwenzake.

Mwalimu mkuu akafungua mdomo amjibu. Na jina halikuja. Alikuwa ametoka kuliandika kwenye barua robo saa iliyopita, kwa mkono wake mwenyewe, na wala halikuja. Akamgeukia mwalimu wa darasa. Mwalimu wa darasa akavuta daftari la mahudhurio na kuanza kupitisha kidole juu hadi chini.

Yule mama akawaangalia wote wawili. Akaenda dirishani, akapiga magoti kando ya dawati bila kumgusa mwanawe, akasema taratibu, "Aikaruwa. Twende."

Binti akageuka kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akainuka, akamfuata.

Mwalimu mkuu alirudi ofisini akafunga mlango. Kupitia dirishani aliyaona maandishi yake ya buluu ukutani. Hakuweza kumlaumu mtu. Wazazi wale wabishi hawakumtenga Aikaruwa. Yeye, aliyempigania, ndiye aliyemleta, akamweka mahali, akaondoka.

Alifanya nini? Jumamosi alipanda gari akaenda kule shule maalumu. Hakwenda kumrudisha mtoto. Alimwomba yule mpishi ruhusa akae jikoni, atazame na aulize. Aikaruwa alimpita kama anavyopita nguzo. Jumamosi iliyofuata akarudi na mwalimu wa darasa la tatu, na iliyofuata wakaenda na watoto sita, akiwemo yule wa dawati la mbele. Yule asiyeona aliwafundisha mchezo wa vizibo, akawashinda wote. Ile rimu ya gari waliyokuwa wakigonga kama kengele shuleni wakaacha kuigonga, badala yake kiongozi wa zamu akawa anapita madarasani akipeperusha kitambaa. Mwalimu wa shule maalumu akakubali kupanda mlimani kila Alhamisi kuwafundisha walimu wenzake. Hapakuwa na shule iliyoishinda nyingine. Zilianza tu kuulizana habari za watoto.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, mama fundi akasimama getini na binti yake. "Tutajaribu siku mbili kwa wiki," akasema. "Siku nyingine abaki kule. Akikataa, nitamsikiliza yeye."

"Na mimi nitamsikiliza," mwalimu mkuu akajibu.

Darasani, yule msichana wa dawati la mbele akamsogelea Aikaruwa mpaka hatua mbili, akasimama hapo, hakumshika mkono. "Aikaruwa," akamwita, "tunakaa wote. Dawati letu ni lile."

Aikaruwa akalitazama dawati muda mrefu, watu wote wakisubiri. Kisha akaenda, akakaa.

Sasa tuje kwetu sisi. Najua hapa ndani kuna wanaosema watoto hawa wasome na wenzao, na kuna wanaosema wawe na shule zao, na kila upande una sababu, na kuna wazazi humu wanaolia juu ya uamuzi huo. Sitawaamulia. Ninachouliza ni kingine. Tukishamruhusu mtoto aingie mlangoni, tunajiona tumemaliza? Maana unaweza kumtenga mtu kwa kilomita arobaini, na unaweza kumtenga kwa madawati matatu, ukiwa umetabasamu, huku ukisema hatumsumbui.

Na msidhani namsema mwalimu mkuu. Jumanne nilikaa mezani na karatasi nikajaribu kuandika majina ya watoto wenye ulemavu wa usharika huu. Si hesabu yao, hiyo ninayo, huwa naipeleka kwenye taarifa. Majina. Nimekuwa mchungaji wenu miaka mitano, na niliandika matatu, kalamu ikasimama. Bwana wetu alisema mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Niliisoma aya hiyo Jumapili ya Mchungaji Mwema hapa hapa, nikaihubiri, mkasema amina.

Kwa hiyo leo baada ya ibada sitasimama mlangoni kuwapa mkono. Nitakwenda kule nje, upande wa tangi la maji, ambako kuna mama anakaa na mwanawe kila Jumapili kwa sababu spika zetu zinamuumiza yule mtoto masikio. Wengi wetu tunampita tukiingia. Nakwenda kumuuliza jina la mwanawe, na kumwomba radhi kwa kuchelewa.

Anayetaka kuja, aje. Lakini tuje mmoja mmoja, taratibu, tusije tukamtisha yule mtoto. Na ninyi wa muziki, zimeni vyombo. Wimbo wa mwisho tutauimba kwa midomo yetu tu, polepole, ili na yule aliyeko nje ausikie bila kuumia.