Kisima Kilichopita Udongo Mweupe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kisima na kiu yake.

Hapo kale, wanyama wakubwa walikuwa wakiwasaidia wadogo. Kila masika yakiisha walikutana barazani, wafundishane kazi. Sheria ilikuwa moja: kila msaidizi aseme lililofaa, kisha aseme lililoharibika, mwenzake asije akajikwaa palepale. Sheria nzuri, wala sina neno nayo. Ila ngoma ilipigwa kwa lililofaa tu.

Mwaka huo Tembo alikwenda na jambo moyoni. Alikuwa amewachimbia Swala kisima. Alipofika kwenye udongo mweupe maji matamu yalitoka, naye kwa kutaka sifa akazidi kuchimba. Akautoboa ule udongo, yakapanda maji ya chumvi, machungu kama shubiri. Swala wakahama. Tembo alikusudia kulisema hilo.

Kiboko akasimama. "Nimewachimbia Bata bwawa!" Ngoma ikalia, ndi! ndi! ndi! Kisha baraza likauliza:

"Na lililoharibika?"

"Dogo, halisemeki."

Nyati akasimama. "Nimewafungulia Digidigi njia!" Ndi! ndi! ndi!

"Na lililoharibika?"

"Dogo, halisemeki."

Tembo akasimama. "Nimechimba kisima kirefu kupita vyote!" Ndi! ndi! ndi! Wee, ilivyolia!

"Na lililoharibika?"

"Dogo," akasema, "halisemeki."

Ai, Tembo! Mwili wote ule, na aibu ndogo imemshinda kuibeba.

Walipotawanyika, rafiki yake Kifaru akamwandama. "Ndugu yangu, nami nakwenda kuwachimbia Kanga. Nifundishe. Kuna la kuangalia?"

Hapakuwa na ngoma tena, wala wa kumcheka. Neno moja lingetosha. Lakini angelisemaje, na sifa ameshakula?

"Chimba tu, ndugu yangu. Nenda chini."

Kifaru akachimba, akachimba, akachimba. Udongo mweupe akauona, maji matamu akayaona, akapita. Yale machungu yakapanda. Kanga wakashangilia, na vifaranga kwa kiu yao wakawahi mbele kunywa.

Habari zilipomfikia, Tembo alikwenda mwenyewe. Akamkuta Mama Kanga amekaa ukingoni.

"Pole, mama."

"Ahsante, baba. Kifaru analia, anasema hakujua. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

Mama Kanga hakupiga kelele, yeye ambaye kelele ndiyo kazi yake. "Basi nionyeshe pa kuishia kuchimba," akasema. "Vifaranga wamebaki wawili, na jua linapanda."

Tembo akasogea mbali kidogo, akapiga magoti, akachimba huku machozi yanamtoka. Akafika kwenye udongo mweupe, akaacha. Maji matamu yakajaa, wale wawili wakanywa. Kazi ilikuwa nyepesi hivyo, na wepesi wake ndio uliomtesa Tembo mpaka kufa kwake.

Wahenga walisema, mficha maradhi mauti humuumbua. Ila hapa, jamaa zangu, aliyeficha siye aliyekufa. Ukienda kufundishana na wenzio, anza na lililokuvunjikia.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, igawaneni. Ikiwa chungu, msinifichie, niambieni hapahapa. Tena nileteeni maji, lakini mwonje kwanza nyinyi.