Zilfa na Mama Wawili wa Mlima wa Ukungu

Paukwa!

Pakawa!

Nipande mlima, nisipande?

Panda, bibi, tuko nyuma yako.

Ukungu je?

Utushike mikono.

Haya. Hapo kale, wajukuu zangu, lakini si hapa. Leo nawapeleka ng'ambo, Marekani, kwenye milima iitwayo Apalachia. Msicheke. Milima ile ni kama hii yetu ya Usambara. Ina ukungu wa asubuhi, ina vijito vya maji baridi, ina watu wanaolima mahindi kwenye miteremko mpaka unajiuliza wanasimamaje.

Aliyetusimulia ni Bi Loreta, mwanamke wa huko, aliyekaa kwetu zamani akitufundisha kushona mablanketi ya viraka. Alipofika kwenye zimwi, mama yangu akamkatiza. "Hilo zimwi ni letu," akasema. "Nyinyi mmelipata wapi?" Bi Loreta akajibu, "Ni la kwetu. Nyinyi ndio mmelipata wapi?" Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mpaka leo sijui zimwi lile ni la nani. Nyinyi sikilizeni tu.

Basi, palikuwa na mwanamke mjane, jina lake Orfa, na binti yake Zilfa. Zilfa alikuwa mkubwa wa kutosha kukamua ng'ombe, lakini bado alipenda kulala mgongoni kwa mama yake. Waliishi katika nyumba ya magogo, juu kabisa, pale njia inapoishia. Walikuwa na ng'ombe na ndama wake, kuku kadhaa, na mbwa mmoja. Jirani yao alikuwa mmoja tu, mzee Enosi, mfuga nyuki, aliyekaa ng'ambo ya kijito.

Siku moja asubuhi ulishuka ukungu mzito hata kuku hawakutoka bandani. Orfa akachukua ndoo, akaenda chemchemini. Zilfa akabaki anachochea moto.

Mama akakawia. Akakawia. Akakawia.

Mwisho Zilfa akasikia hatua uani. Akafungua mlango. Wakaingia mama wawili.

Sijakosea, wajukuu zangu. Wawili. Gauni la bluu lenye kiraka kiwikoni, na gauni la bluu lenye kiraka kiwikoni. Kovu dogo kidevuni, na kovu dogo kidevuni. Ndoo ya maji, na ndoo ya maji.

"Mama," akasema Zilfa.

"Naam, mwanangu," wakaitika wote wawili.

Kisha wakatazamana, na wote wawili wakaogopa.

"Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiniita ukunguni," akasema mmoja.

"Nikaitika," akasema mwingine. "Nilipogeuka, huyu alikuwa amesimama nyuma yangu."

"Si mimi niliyesimama nyuma yako. Ni wewe uliyesimama nyuma yangu."

Zilfa akatazama kulia, akatazama kushoto, asijue.

Akawauliza jina la ng'ombe. Wote wakasema, "Dezi." Akawauliza marehemu baba alikufa kwa nini. Wote wakasema, "Mti ulimwangukia akikata kuni," na wote wakainamisha kichwa. Akawaambia waimbe ule wimbo wa kumlaza akiwa mchanga. Wakaimba pamoja, sauti mbili kama moja, na Zilfa, badala ya kuogopa, akaanza kusinzia.

Basi angefanya nini? Hakuweza kumfukuza mmoja. Huenda angemfukuza mama yake. Wakakaa hivyo hivyo, watatu ndani ya nyumba ya watu wawili. Mama mmoja alikalia kiti cha upande wa kulia wa moto, mwingine upande wa kushoto. Zilfa akamfunga mama wa kulia utepe mwekundu mkononi ili asiwachanganye. Asubuhi akakuta wote wana utepe mwekundu.

Mwanzoni haikuwa vibaya sana, nisiwadanganye. Uji alipewa mara mbili. Nywele alisukwa mara mbili. Lakini siku alipovunja bakuli aligombezwa mara mbili, na maneno yalikuwa yaleyale, na akalia mara mbili.

Aliyekuwa na shida zaidi ni mbwa. Alimbwekea mama wa kulia, akamnusa, akatikisa mkia. Akambwekea mama wa kushoto, akamnusa, akatikisa mkia. Kisha akalia kwa sauti nyembamba, akajificha chini ya sakafu.

Siku moja Zilfa akaamka, akaita mbwa. Mbwa hakuja.

"Mbwa yuko wapi?" akauliza.

"Sijui, mwanangu. Si mimi," akasema mama wa kulia.

"Sijui, mwanangu. Si mimi," akasema mama wa kushoto.

Zilfa akatazama kulia, akatazama kushoto, asijue.

Siku nyingine akaenda bandani. Hapakuwa na kuku hata mmoja, ila manyoya.

"Kuku wako wapi?"

"Si mimi," akasema wa kulia.

"Si mimi," akasema wa kushoto.

Siku nyingine tena akasikia Dezi analia zizini, mlio ule wa ng'ombe mwenye maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Ndama hakuwepo. Hapakuwa na damu wala kamba iliyokatika. Safari hii Zilfa hakuuliza. Alivuka kijito mbio, maji yakamfika magotini, akafika kwa mzee Enosi.

Mzee Enosi alikuwa anapulizia nyuki moshi. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hilo ni zimwi la ukunguni," akasema. "Halina sura yake. Linaazima."

"Linaazimaje, babu?"

"Linakuita kwa sauti yako. Ukiitika, limekupata. Kila unachokijua nalo linakijua, na kila siku linakunyonya kidogo kidogo. Lakini sura ya kuazima haikai bure. Inakaa kwa kuitwa. Umekuwa ukiwaitaje wale wawili?"

"Mama."

"Wote?"

"Wote."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi umekuwa ukililisha mwenyewe. Acha kuliita. Lisipoitwa na mtu wa nyumbani, sura itaanguka."

"Nitamwacha yupi?"

"Hapo ndipo sina msaada. Ukikosea, ukaacha kumwita mama yako wa kweli, yeye ndiye atakayefutika, nawe utabaki na lile. Tena, mtoto wangu, limekula mbwa, limekula kuku, limekula ndama. Sitaki kukuficha. Wewe ndiye unayefuata, na halitangoja."

Zilfa akarudi polepole. Njiani alijaribu kufikiri, lakini kila alipomfikiria mama yake, walimjia wawili.

Aliwakuta uani. Siku ile walikuwa wanapika sabuni, kama watu wa kule walivyopika zamani, maji ya majivu na mafuta ya nguruwe katika sufuria kubwa ya chuma, inachemka na kutoa mapovu mazito. Mama wa kulia alikuwa amesimama upande wake, mama wa kushoto upande wake anakoroga. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima.

Zilfa hakuwa na mtihani wowote kichwani. Alichoka tu. Akauliza kama mtoto anavyomuuliza mama yake.

"Nifanye nini leo? Giza likiingia, nifanye nini?"

Mama wa kulia akajibu hapo hapo. "Mbona ni rahisi, mwanangu. Mimi ndiye mama yako. Ingia ndani na mimi, huyu tumfungie nje. Nina hakika, na wewe usiwe na wasiwasi."

Mama wa kushoto akaendelea kukoroga.

"Mimi sijui," akasema.

"Hujui nini?" akauliza Zilfa.

"Sijui lolote tena. Jana nilijaribu kukumbuka uso wa baba yako, haukuja. Huyu mwenzangu anaukumbuka, ameueleza vizuri hata nikalia. Nimeanza kujiuliza kama zimwi si mimi. Huenda zimwi halijijui." Akaacha kukoroga. "Tufungie nje sote wawili, Zilfa. Weka komeo. Kukicha ukimbilie kwa mzee Enosi, na atakayekuita kwa sauti yangu njiani usimwitikie."

Wajukuu zangu, nyinyi mngemwamini nani? Orfa, tangu Zilfa amjue, alikuwa mtu wa hakika. Alijua mvua itanyesha lini, alijua mahindi yameiva, alijua nani anadanganya. Mama wa kulia alisema vile vile, macho makavu, mgongo umenyooka. Yule wa kushoto alitetemeka kama mtu wa homa. Zilfa alitamani sana yule mwenye hakika awe ndiye mama yake.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Bado hakujua.

Akaenda kushoto. Akamshika mama yule mkono, umejaa mafuta na majivu.

"Mama," akasema.

"Usiniite. Huenda unakosea."

"Huenda," akasema Zilfa. "Mama."

Mama wa kulia akacheka taratibu. "Zilfa, mwanangu, acha mzaha. Niite na mimi."

Zilfa akanyamaza.

"Zilfa, ni mimi niliyekuzaa. Niite." Akaanza kuimba ule wimbo wa kulalia, vizuri, bila kukosea hata neno.

Zilfa akanyamaza. Machozi yakamtoka.

Mara ya tatu mama wa kulia akapiga magoti, akalia, na machozi yake yalikuwa machozi ya kweli. "Unaniua, mwanangu. Mara moja tu. Niite mara moja tu."

Na sauti ile ilikuwa sauti ya mama yake. Midomo ya Zilfa ikafunguka yenyewe. Aliifunga kwa kiganja chake, akaiminya mpaka meno yakamuumiza.

Akanyamaza.

Ndipo kovu lile la kidevuni likateleza likaanguka chini. Kisha nywele zikageuka zile ndevu za miti zinazoning'inia msituni. Kisha gauni la bluu likawa ukungu, na ndani ya ukungu lilisimama zimwi, refu kuliko bomba la moshi la nyumba, na mdomo wake ulikuwa bado una manyoya ya kuku pembeni.

"Nilikupa uji," likasema. "Nilikusuka nywele. Sasa nitakula."

Likainama.

Orfa, aliyekuwa hajui kama yeye ni Orfa, hakungoja kujua. Aliweka mguu kwenye sufuria ile ya sabuni na kuisukuma kwa nguvu zake zote. Sabuni ya moto ikamwagika, ikalipata zimwi miguuni, na ile isiyolipata ikatanda chini. Zimwi likapiga hatua, likateleza. Likajaribu kusimama, likateleza. Likajaribu tena, likateleza, likabingirika mteremkoni likivunja miti, mpaka chini bondeni kwenye ukungu, na mlio wake ukasikika mbali, kisha usisikike.

Orfa akatazama mguu wake ulioungua. Akamtazama Zilfa.

"Basi ni mimi," akasema polepole.

"Ni wewe," akasema Zilfa.

Ningependa kuwaambia kwamba yakaisha hapo. Lakini kilichonyonywa na zimwi hakikurudi chote. Orfa aliweza kukamua, kulima na kupika, ila siku nyingine alisimama katikati ya nyumba asijue alikuwa anafuata nini. Siku nyingine alimuuliza Zilfa marehemu baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Zilfa aliacha kazi, akakaa chini, akamsimulia: alikuwa mrefu, alikuwa anapiga mluzi akipanda mlima, alikuwa hapendi maharage. Kesho akiulizwa tena, akasimulia tena.

Siku moja wanapukuchua mahindi, mama yake akamuuliza, "Siku ile, ulijuaje kuwa ni mimi?"

Zilfa akachukua hindi jingine.

"Sikujua, mama. Nilijua lilipobadilika, kama wewe. Kabla ya hapo nilikuwa sijui kabisa."

"Sasa mbona ulinishika mkono?"

"Uliniambia niweke komeo na wewe ubaki nje. Nikaona, hata kama wewe ndiye zimwi, heri nikae na zimwi hilo."

Orfa akacheka. Kicheko hicho Zilfa alikuwa hajakisikia tangu ule ukungu ushuke. Wakaendelea kupukuchua.

Hadithi yangu imefika hapo, na hapo ndipo inapolala. Funzo lake ni hili, wajukuu zangu: mtu akikwambia "sijui" huku anahangaika wewe uwe salama, usimdharau. Na mtu akiwa na hakika ya kila kitu, tena anataka umfungie mwenzake nje, usiwe na haraka ya kumwita mama.