Ufunguo wa Fremu ya Kona

Mlioshiba na mnaosubiri kula, sogeeni. Hadithi ninayo, hukumu sina. Hukumu nawaachia ninyi.

Katikati ya mji wa Arusha, Mzee Kaanaeli alianza kujenga hoteli. Siku ya kuweka msingi alisimama mbele ya watu akaapa: "Mkono utakaoifikisha hoteli hii mwisho, fremu ya kona, chumba cha duka, ni yake bila kodi, mpaka kufa!" Makofi yakapigwa. Maskini mzee, kiapo kilimtoka kabla hajakitafuna.

Jengo lilipofika ghorofa ya nne, watalii wakaadimika. Magari ya safari yakalala, benki ikafunga mkono, mafundi wakatawanyika. Wakabaki watatu: Lemayani mwenye macho, Kihiyo mwenye mikono, na Mama Ndeshi mwenye chungu.

Lemayani alikuwa mlinzi. Wanunuzi wa vyuma chakavu walimjia wakimbembeleza, "Mzee, nondo mbili tatu, nani atajua?"

"Mimi nitajua," akawajibu, akaligonga rungu lake chini. Haikutoka nondo hata moja.

Kihiyo alikuwa fundi wa nondo. Kila masika yalipokaribia, alizunguka akiomba saruji iliyobaki kwa wajenzi wengine, akaikoroga iwe uji, akapanda juu kuzipaka nondo zilizochomoza zisiliwe na kutu. Watu wakamcheka: "Kihiyo, nondo zako umeziachisha ziwa?"

"Nalisha kibarua changu," alisema. "Hoteli ikifa, na mimi nimekufa." Hakuficha kwamba alijifikiria mwenyewe.

Mama Ndeshi hakugusa hata tofali. Alikuwa mama ntilie chini ya ngazi, na wateja wake ndio hao mafundi waliotawanyika. Angeweza kuhamia stendi kwenye watu. Akabaki, akapika makande, akawapakulia wale wawili. Siku Lemayani alipofunga virago, alimwambia tu, "Baba, kula kwanza, ndipo uondoke." Akala, akaona haya kuondoka. Kihiyo alipolazwa chini na malaria, ni uji wa Mama Ndeshi uliomrudisha ghorofani. Huo haukuwa wa saruji.

Hatimaye watalii wakarudi. Mhandisi akakagua nondo, akasema, "Zipo zote, tena nzima. Jengeni." Hoteli ikakamilika, ikang'aa.

Hapo ndipo uchungu ulipoanza. Hoteli mpya inataka kampuni ya ulinzi, si mzee mwenye rungu. Jengo lililokwisha halina haja ya fundi wa nondo. Na pale chini ya ngazi sasa ni mapokezi. Wamelinusuru jengo, nalo halina pa kuwaweka, ila fremu ya kona.

"Si mgawane?" Mzee Kaanaeli akauliza.

"Mke wangu atauza mashuka na shanga," akasema Lemayani.

"Mimi nitachomelea mageti," akasema Kihiyo.

"Na mimi ni moto na masufuria," akasema Mama Ndeshi.

Cheche, moshi na mashuka chumba kimoja! Wakacheka wote wanne. Hakuna aliyenyoosha mkono kudai ufunguo, na hakuna aliyeondoka.

Mzee Kaanaeli bado ameushika ufunguo, na aibu imemshika yeye. Ni macho yaliyolinda, mikono iliyopaka, au chungu kilichowabakisha wote? Je, wewe ungeamua vipi? Na wale wawili utakaowaacha nje, ungewatazamaje usoni?