Gitaa la Hjalmar

Kaeni vizuri, maana mwishoni nitawaachia kazi.

Huko Storvalla, mji mdogo wa misonobari kaskazini mwa Sweden, waliishi watu watatu wenye vipawa. Solveig, mpeleka barua wa posta, hakuweza kutupa chochote kilichoandikwa kwa mkono. Mwanatumu, mzaliwa wa Tanga aliyefanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, sauti ikimwingia sikioni haitoki tena. Birger, mpiga kodiani, alivijua vidole vya wapigaji wenzake kuliko nyuso zao.

Palikuwa pia na Hjalmar, mtunzi na mwimbaji. Nyimbo zake ziliimbwa harusini, mazikoni, hata kwenye foleni ya mkate. Alipougua akiwa katika nyumba ile ya wazee, alimpigia simu bintiye Ingalill, aliyeishi mbali.

"Miaka yote nimewatungia watu, wewe bado," alimwambia. "Sasa wimbo wako uko tayari. Njoo uusikie."

Ingalill alifika siku mbili baada ya baba yake kufariki. Alikabidhiwa gitaa na barua ya mstari mmoja: gitaa hili mpe atakayekuletea wimbo wako.

Alilifuta vumbi. Akaona nyuzi mbili zimelegea, akazikaza, kama mtu anavyonyoosha shuka la mgonjwa. Kisha akaanza kuulizia mjini nani anaujua wimbo huo. Tangu utotoni alikuwa akijiuliza kama baba aliyewaimbia watoto wa wenzake aliwahi kumkumbuka wa kwake.

Wa kwanza kuja alikuwa Solveig, na bahasha tatu zilizokunjamana.

"Alikuwa akiandika mgongoni mwa bahasha, kisha anatupa. Mimi nikimpelekea barua naziokota katika kikapu cha taka chumbani mwake."

Juu ya bahasha ya kwanza palikuwa na jina la Ingalill. Akasoma, akalia. Lakini yalikuwa maneno matupu, hayana sauti.

Wa pili alikuwa Mwanatumu.

"Dada, maneno sikuyapata, mzee alikuwa akiyamung'unya. Ila kila asubuhi nikimchana nywele, alikuwa akiuvumisha wimbo huo puani. Nami nikawa nauvumisha nikitandika vitanda."

Akauvumisha. Maneno ya Solveig yakaingia katika sauti ile kama mguu unavyoingia katika kiatu chake. Ingalill akachukua gitaa, akapiga. Ulikuwa wimbo mzuri, ila wa mtu mwingine.

"Huyu si baba," akasema.

Birger, aliyekuwa amekuja kutoa pole na kunywa kahawa, akaweka kikombe chini.

"Nani kalikaza gitaa hili?"

"Mimi."

"Msumeno wa kiwanda cha mbao ulimla baba yako kidole cha mkono wa kushoto ujanani. Ili vile vitatu vilivyobaki vya kubonyezea nyuzi, ukiacha gumba, vitoshe, akawa analegeza nyuzi mbili. Wewe umemrudishia kidole alichokwisha kukisahau."

Akazilegeza. Ingalill akakunja kidole kimoja, akapiga kwa vitatu. Sasa ndiye baba aliyesikika. Baba yake alikuwa akimwomba radhi kwa kila jioni aliyokosekana nyumbani, akimtajia rangi ya koti alilovaa siku yake ya kwanza shuleni. Kumbe alikumbuka.

Walipomaliza kupangusa macho, utani ukaanza.

"Mama Posta, wewe uliokota karatasi tu," Birger akasema. "Hata upepo huokota karatasi."

"Nawe ulilegeza nyuzi mbili. Hata baridi hulegeza nyuzi."

"Gombaneni tu, wazee wangu," Mwanatumu akacheka. "Binti yangu kule nyumbani ameshautungia maneno yake ya Kiswahili, anauimba."

Ingalill akamtazama mmoja baada ya mwingine. Akipewa gitaa, Birger angelipiga kila Jumamosi dansini, watu wacheze mpaka viatu viishe. Solveig angeliweka maktabani karibu na zile bahasha, mtoto yeyote aingie na kuligusa. Kwa Mwanatumu, lingelala kifuani mwa yule bintiye wa miaka tisa ambaye vidole vyake havijapata pa kutua. Popote ambapo lingekwenda, wimbo usingekufa. Hilo lilimpa amani. Lakini baba alisema apewe mmoja, na hakuna aliyewahi kukata gitaa vipande vitatu likaendelea kuimba.

Sasa amesimama, mkanda wa gitaa uko mkononi, na watu watatu wanasubiri mbele yake. Nyinyi mlionisikiliza, semeni: amvike nani gitaa hilo begani?