Waliorudi na Aliyekuwepo

Hapo zamani, si zile za mababu, ila zamani za juzi ambazo baadhi ya watu wake bado wanatembea, palikuwa na mtu aliyeitwa Etabo. Alikaa upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, katika kijiji kilichopanda mlima kidogo kutoka ufukweni. Alikuwa na mke, Apendeki, na mdogo wake wa tumbo moja, Wilondja. Kiwanja alichorithi kwa baba yake kilikuwa kidogo: nyumba moja ya matofali ya udongo, kaburi la huyo baba, na kipande cha ardhi kilichobanwa kati ya kijito na jabali. Etabo alichimba mashimo kumi na moja, akapanda michikichi. Apendeki alishuka kijitoni na kupanda, ndoo kichwani, mimba tumboni, akaimwagilia mpaka ikashika.

Kabla michikichi haijazaa, vita vikaja.

Walikimbia asubuhi, uji ukiwa bado jikoni. Apendeki alisema, "Tungoje kidogo, huenda wakapita." Etabo hakungoja. Wilondja yeye alikataa kuondoka. "Nendeni, kaka," alisema. "Kaburi la mzee haliwezi kuachwa peke yake."

Etabo na mkewe wakavuka ziwa, wakafika Tanzania, wakapelekwa kambini, wakaambiwa ni kwa muda. Muda huo ulikuwa miaka ishirini na mitatu. Binti aliyevuka akiwa tumboni alizaliwa huko, akakua, akaolewa, akachukuliwa na mumewe nchi ya baridi, ikabaki sauti yake tu kwenye simu. Kila masika Etabo alisema, "Mwakani tutarudi." Alisema mwaka wa kwanza, alisema wa pili, alisema mpaka wa nane. Mwaka wa tisa hakusema. Mwaka huo alimtuma mchuuzi mmoja aliyekuwa akivuka: "Mwambie Wilondja asitungoje. Nimechoka kungoja. Kiwanja kile akifanye atakavyo."

Etabo hakumwambia Apendeki habari za neno hilo. Alijiambia nafsini mwake kwamba hataki kumwongezea huzuni.

Sasa twende kwa Wilondja. Vita vilimpitia mara nne. Mara ya kwanza walichoma paa la nyumba. Mara ya pili walimpiga mpaka nyonga ikavunjika, na tangu hapo akawa anatembea kwa kuvuta mguu. Mara ya tatu na ya nne hakukuwa tena na cha kuchoma. Alijisitiri kwa wakwe zake upande wa pili wa mlima, na kiwanja cha baba yake kikamezwa na pori. Lakini kila mwezi alipanda kwa mguu wake ule mmoja mzima, akang'oa majani juu ya kaburi, akashuka. Neno la kaka yake lilipomfikia, aliketi kutwa nzima asile.

Haukupita mwezi, akaja mwanamke kutoka milima ya juu, jina lake Faila. Alikuwa na watoto watatu, mume hakuwa naye, na kijijini kwao hakikubaki hata chungu. Aliomba mahali pa kulaza watoto. Wilondja akamwonyesha lile pori. Akamwambia mbele ya kapita, ndiye mkuu wa kijiji, "Pale ni kwa kaka yangu, na kaka yangu ameshakata tamaa napo. Ukiweza kupafufua, ni pako."

Faila akapafufua. Alifyeka kiangazi chote. Alikanyaga udongo kwa miguu, akafyatua matofali, akaezeka. Kati ya michikichi kumi na mmoja, minane ilikuwa hai bado, imesongwa na mimea ya kutambaa, mashina yameungua. Akaisafisha mmoja mmoja. Ilipoanza kuzaa hakupata mwanamume wa kumkwelea, akajifunga kamba akakwea mwenyewe. Watu walicheka. Msimu wa pili hawakucheka tena, walikuja kununua mawese. Kwa mawese hayo aliwalea watoto wawili. Yule wa tatu, mdogo, surua ilimchukua, akazikwa kando ya kaburi la yule mzee, baba wa Etabo, na Faila akipalilia kaburi moja alipalilia na la pili. Miaka kumi na minne ikapita.

Amani ikatangazwa, kambi zikaanza kufungwa. Wilondja alikuwa ameanza kuzeeka na maumivu ya nyonga hayamwachi. Akapiga simu. "Kaka, rudini. Nyumba ipo. Michikichi inazaa. Nataka nikuone kabla sijafa."

Hakusema ndani ya nyumba yumo nani.

Etabo na Apendeki wakarudi. Walikuwa na godoro lililokunjwa, sufuria mbili na mfuko wa nguo. Kutoka ufukweni walipanda mlima wakipumzika kila kona, na kila walipopumzika kuinuka kulikuwa kugumu zaidi. Walifika jua likiwa juu. Mlangoni waliona mwanamke ameketi, anachambua machikichi.

"Karibuni," alisema Faila. "Mmetoka mbali?"

"Mbali sana," alijibu Etabo. "Lakini sasa tumefika."

"Mnamtafuta nani?"

"Hatumtafuti mtu, mwanangu. Hapa ni kwangu."

Faila aliacha kuchambua. Aliitazama miguu yao ilivyovimba, akalitazama godoro. "Kaeni kwanza, baba," alisema. "Mama, kaa. Mle kwanza."

Aliwapikia ugali wa muhogo na sombe la majani ya muhogo lililoungwa kwa mawese. Apendeki alionja, akauweka mkono chini.

"Ni chumvi?" aliuliza Faila.

"Hapana. Miti hii niliimwagilia mimi. Niliondoka haijazaa. Ndiyo kwanza nayaonja mafuta yake."

Siku tisa waliishi chini ya paa moja, na Wilondja alikuja kila jioni kutoka kwa wakwe zake kumwona kaka yake. Faila aliwapa wazee kitanda chake, yeye na wanawe wakalala jikoni kwenye mkeka. Apendeki aliugua kwa machovu ya safari, na Faila alimwogesha, akamchemshia majani, akamshika kiuno kumpeleka nje. Hakuna aliyelitaja lile jambo. Siku ya kumi Etabo akaenda kwa kapita. Hakwenda kwa hasira. Alisema tu kwamba amechoka kuwa mgeni.

Kapita Mlebinge aliwaita wote wanne. Alikwenda kwanza kukipima kiwanja kwa hatua, akarudi, akasema, "Hiki kinalisha nyumba moja, tena kwa shida. Nikikigawa nitakuwa nimegawa njaa. Mnaweza kukaa pamoja?"

Walitazamana. Faila alisema, "Kapita, nisikudanganye. Siku tisa niliwapa kitanda kwa moyo mweupe. Siku ya kumi moyo ulianza kuuliza."

Etabo akasema, "Na mimi kila nilipoomba maji ndani ya nyumba ya baba yangu, nilijiona niko kambini."

"Basi kila mtu aseme lake," alisema kapita.

Etabo akasema: "Kiwanja ni cha baba yangu, na yeye mwenyewe amelala pale. Mashimo nilichimba mimi. Neno nililotuma ni kweli nililituma, lakini lilikuwa neno la mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka si mtu mzima. Miaka ishirini na mitatu nimeishi kwa kupanga foleni. Foleni ya unga, foleni ya maji, foleni ya dawa. Sina nguvu ya kupanga nyingine. Nikitoka hapa sina nchi ya kurudia, maana nchi yenyewe ndiyo hii."

Faila akasema: "Sikuiba, nilipewa, na wewe kapita ulikuwepo. Nilikuta pori na majivu. Hivi mnavyovigombania leo, nyumba na mafuta, havikuwepo. Mwanangu naye amelala pale. Baba huyu amekaa ugenini miaka mingi, nami namhurumia, lakini na mimi niko ugenini, ila mimi sikuvuka ziwa, kwa hiyo hakuna aliyeniandika kuwa mkimbizi. Kwetu hakuna tena kwetu. Nikitoka hapa nitakuwa naondoka kwa mara ya pili, na watoto hawabebeki tena mgongoni."

Wilondja alisimama kwa shida, akaegemea ukuta.

"Mimi ndiye niliyebaki," alisema. "Kaka alisema nifanye nitakavyo, nikampa Faila. Sikukosea. Kisha nikamwita kaka, kwa sababu sikutaka kufa bila ndugu. Niliogopa nikisema ukweli hatakuja. Hapo nilikosea, na sijuti. Huyu aliondoka akarudi, huyu alikuja akitokea kwingine. Nyonga yangu ilivunjikia pale. Kirudisheni kwangu, mimi nisiyeliacha kaburi la mzee hata mwezi mmoja, kisha nitawakaribisha wote wawili, na hakuna atakayemwita mwenzake mgeni, maana wote watakuwa wageni wangu."

Kapita alidhani maneno yamekwisha, akaanza kuinuka. Apendeki akasema, "Mimi hujaniuliza."

"Wewe si uko na mumeo, mama?"

"Niko naye. Ila leo ndiyo nasikia kwamba alituma neno." Alimgeukia Etabo, na sauti yake haikupanda. "Miaka kumi na minne umelala kando yangu na neno hilo. Tulipokimbia nilisema tungoje, hukunisikia. Ulipokiachia hukuniuliza. Ulipofunga mizigo turudi, uliniambia jioni tu kwamba kesho tunaondoka, na kule ng'ambo niliacha bustani yangu ya mchicha na majirani wanaojua jina langu." Akamgeukia kapita. "Mimi sikuachia kitu. Miti ile haikuota kwa shimo, iliota kwa maji, na maji niliyabeba mimi. Kama kuna neno lililokitoa kiwanja, halikutoka kinywani mwangu. Nipeni mimi. Nitakayemtaka nikae naye, nitakaa naye."

"Na ungekaa na nani?" aliuliza kapita.

Apendeki alifikiri. "Yule aliyeniogesha nilipougua," alisema. "Huyu mzee akitaka kuja, aje. Lakini aombe."

Etabo aliinamisha kichwa.

Kapita Mlebinge aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa ameamua kesi za mbuzi, za mipaka, za wake waliotoroka, na zote alizimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hii aliomba aachiwe mpaka siku ya soko. Wale watu wanne wakaondoka, wakaifuata njia ileile kurudi kwenye nyumba ileile, maana watatu kati yao hawakuwa na nyingine. Wilondja alivuta mguu nyuma yao. Etabo alitangulia peke yake. Apendeki alimshika Faila mkono, na kila kona walisimama apumzike.

Siku ya soko ilipofika, kapita alikuja akaketi mbele yao, akatugeukia sisi tuliokuja kusikiliza. Akasema yeye amechoka, tumsaidie. Tangu siku hiyo nimelisikia swali hilo likijibiwa kwa namna nne, na kila anayejibu ana uhakika.

Sasa ni zamu yenu. Kuna aliyepanda akaachia, kuna aliyebaki akagawa kisha akaita, kuna aliyefufua, na kuna aliyemwagilia asiulizwe. Je, nani alistahili kiwanja kile? Na wale mtakaowanyima, nani kati yenu atasimama mbele yao awaambie wafunge mizigo, na atawaambia waende wapi?